Kiuno kikiuma, kitanda si dawa

Unaamka alfajiri ukitaka kwenda kazini, lakini kiuno kinakataa. Unageukia ubavu, unashika ukingo wa kitanda, unajiinua kwa mikono, na unapofaulu kusimama umepinda kama ajuza. Maumivu haya si ya jana wala juzi. Yana miezi minne sasa. Umemeza vidonge, umedungwa sindano, umenunua mshipi wa kufunga kiunoni, na jirani amekunong'onezea kwamba huenda ni figo.

Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, usikate tamaa, na usidhani uko peke yako. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020, na inakadiriwa kwamba watafika milioni 843 kufikia mwaka wa 2050. Hakuna hali nyingine inayowafanya watu wengi kiasi hicho duniani washindwe kufanya shughuli zao.

Hapa Kenya maumivu haya hayachagui. Yanampata mama anayechuma majani chai Kericho akiwa na kikapu mgongoni, hamali anayebeba magunia ya viazi sokoni, dereva wa matatu anayeketi tangu saa kumi na moja asubuhi hadi usiku, na karani ambaye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko faili. Wote hawa, maumivu yakizidi mwezi wa tatu, huwa na hofu moja: kwamba mgongo umeharibika na wakiusogeza utavunjika. Hofu hiyo, zaidi ya mgongo wenyewe, ndiyo inayowalaza wengi.

Je, ni figo?

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano kubwa. Kati ya pingili moja na nyingine pana kitu kama mto mdogo, ambacho madaktari hukiita diski, na pembeni hutokea mishipa ya fahamu inayoteremka hadi miguuni. Vyote hivi hushikiliwa na misuli na kano zenye nguvu sana. Mgongo si kijiti kikavu. Umeumbwa kuinama, kujipinda na kubeba.

Kuna wanaoamini kwamba kila maumivu ya kiuno hutokana na figo, na Pwani utasikia ikisemwa ni ngiri. Figo ziko juu kidogo, chini ya mbavu. Zikiwa na ugonjwa, mara nyingi utapata homa, kichefuchefu au shida ya kukojoa, na maumivu hayabadiliki sana ukiinama au ukigeuka. Ikiwa maumivu yako huzidi unapoinua ndoo na hupungua unapobadilisha mkao, yaelekea chanzo ni misuli, viungo na kano za mgongo wenyewe.

WHO inasema kwamba katika wagonjwa 10 wenye maumivu ya kiuno, karibu 9 hawana ugonjwa mahsusi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Hii haina maana kwamba wanajisingizia. Maumivu ni ya kweli. Maana yake ni kwamba hakuna kilichovunjika wala kinachooza, na mgongo wa namna hiyo unaweza kupata nafuu.

Dalili za hatari

Kabla hatujaendelea, yafaa uwajue wale wachache ambao hawapaswi kungoja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mkojo umeziba au unatoka bila wewe kujua, ukishindwa kuzuia choo, ukihisi ganzi kati ya mapaja, au miguu ikianza kulegea. Hizo ni ishara kwamba mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kunaweza kukuacha mlemavu.

Muone daktari bila kukawia ikiwa una homa, unatokwa na jasho jingi usiku au unakonda bila sababu. Katika nchi yetu, kifua kikuu hakikai mapafuni pekee. Huweza kuingia katika pingili za mgongo, kikazila hadi mgongo ukatoa kibyongo. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, lakini ni lazima kigunduliwe mapema. Kwa wafugaji na wale wanaokunywa maziwa ambayo hayajachemshwa, kuna pia ugonjwa wa bruselosi, unaoleta homa ya kwenda na kurudi pamoja na maumivu ya mgongo na viungo.

Fika hospitali pia ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, ikiwa umewahi kuugua saratani, au ikiwa wewe ni mzee na mgongo umeanza kuuma ghafla. Wanaume waliopita umri wa miaka 50 wasione haya kumweleza daktari shida ya mkojo inayoandamana na maumivu ya kiuno, kwani saratani ya tezi kibofu huweza kusambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo.

Ikiwa huna hata moja kati ya dalili hizi, endelea kusoma. Yanayofuata ni yako.

Kitanda, picha na sindano

Zamani madaktari walikuwa wakiwaambia wagonjwa wa kiuno walale chali wiki nzima. Ushauri huo umetupwa. Mwaka wa 1995, watafiti wa Finland walieleza walichokiona kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki ambao migongo yao ilikuwa imeanza kuuma. Walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko walioagizwa kulala kitandani siku mbili. Ukilala sana, misuli inayoushika mgongo hudhoofika, viungo hukakamaa, na siku utakapoinuka utaumia zaidi. Ndipo utasema, "Nilijua mgongo umeharibika," na kurudi kitandani.

Jambo la pili ni picha. Wengi huuza mbuzi au kukopa chamani ili wapigwe eksirei au picha ya MRI, kisha wanarudi nyumbani na karatasi inayosema diski imejitokeza, wakiamini maisha yamekwisha. Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani walipiga picha migongo ya watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyovimba. Diski ya namna hiyo ni kama mvi: huja na umri, na mara nyingi haina lawama. Picha ina kazi yake pale penye dalili za hatari tulizotaja au pale upasuaji unapofikiriwa. Pasipo hayo, afadhali hela hizo ziende karo.

Jambo la tatu ni dawa. Mnamo Desemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yaliyopita miezi mitatu. Mwongozo huo unashauri watu wasipewe dawa kali za jamii ya afyuni, wala steroidi, wala wasitegemee mishipi ya kufunga kiunoni au mashine za kuvuta mgongo. Dawa kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kusaidia kwa muda mfupi, zikimezwa baada ya chakula. Lakini zikitumiwa kila siku kwa miezi, huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mama mjamzito, wasizinunue dukani kabla ya kumuuliza daktari. Na ikiwa kuna mahali unapodungwa sindano kila wiki bila kuambiwa ni ya nini, uliza jina lake. Ni haki yako.

Kukandwa na mtaalamu aliyesomea huweza kupunguza maumivu, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa hulegeza misuli. Hata hivyo, chukulia hayo kama ya kukufungulia mlango tu. Kutoka nje ni kazi yako mwenyewe.

Tembea, nyosha, rudia

Dawa yenyewe ni kusogea. Mwaka wa 2024, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyiwa watu wazima 701 nchini Australia ambao walikuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Nusu yao walifundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo namna ya kutembea kwa mpango, wakiongeza polepole hadi nusu saa, mara tano kwa wiki. Nusu nyingine waliachwa bila mpango huo. Katika kundi lililotembea, nusu ya watu walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Katika kundi la pili zilikuwa siku 112.

Huenda ukasema, "Mimi hutembea kila siku kwenda kazini na bado naumwa." Ni kweli. Basi usiache, na usikimbilie bodaboda kwa kuogopa. Kwako wewe, kinachokosekana huenda ni mazoezi ya kuimarisha misuli, au kubadilisha namna unavyofanya kazi. Ikiwa hujazoea kutembea, anza kwa dakika 10, na uongeze kidogo kila wiki.

Haya hapa mazoezi manne ya kufanya juu ya mkeka, asubuhi na jioni. Anza kwa kurudia kila moja mara tano.

La kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Vuta goti moja kifuani kwa mikono, hesabu hadi kumi, kisha badilisha mguu. La pili, ukiwa bado chali, kaza tumbo na ubonyeze kiuno hadi kiguse mkeka, kisha legeza. La tatu, katika mkao huo huo, inua makalio juu, hesabu hadi tano na uyashushe taratibu. La nne, simama kwa magoti na viganja kama paka, kunja mgongo kuelekea juu, halafu uushushe polepole.

Utasikia maumivu kidogo, na hayo si ishara ya kuharibika. Kipimo ni kesho yake. Ukiamka ulivyokuwa jana, endelea. Ukiamka ukiwa na maumivu zaidi, punguza kwa nusu lakini usiache. Ikiwa maumivu yanazidi kuteremka mguuni, simamisha mazoezi na umuone mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali iliyo karibu nawe.

Kazi na malazi

Huwezi kuacha kazi inayowalisha watoto, lakini unaweza kuibadilisha kidogo. Badala ya mtungi mmoja wa lita 20, beba miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Weka karai la kufulia juu ya kigoda au meza badala ya chini. Tafuta jembe lenye mpini mrefu. Unapoinua mzigo, usogeze karibu na mwili, kunja magoti, na usijipinde ukiwa umeubeba. Hamali wakumbuke kwamba kanuni za mwaka wa 2019 za zao la viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Gunia la lumbesa linamtajirisha wakala na kumvunja mbebaji. Dereva na fundi cherehani, inukeni kila baada ya saa moja hivi, mjinyoshe dakika mbili.

Kuhusu malazi, si lazima ulale sakafuni. Utafiti uliofanywa Uhispania mwaka wa 2003 kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno uligundua kwamba godoro la ugumu wa wastani liliwasaidia zaidi kuliko godoro gumu sana. Ukilala kwa ubavu, weka mto mdogo kati ya magoti.

Tusisahau moyo. Kodi ya nyumba, karo na ugomvi wa nyumbani hukaza misuli na kufukuza usingizi, na asiyelala huumia zaidi. Kumweleza mtu unayemwamini yanayokusumbua ni sehemu ya tiba, na WHO yenyewe inaitaja tiba ya kisaikolojia katika mwongozo wake.

Usitarajie muujiza wa siku tatu. Jipe wiki sita hadi kumi na mbili, na kila Jumapili jiulize si "Je, bado kinauma?" bali "Wiki hii nimeweza nini ambacho wiki jana sikuweza?" Pengine umefunga viatu bila kusaidiwa. Pengine umemwinua mtoto. Hiyo ndiyo nafuu, nayo huja kabla maumivu hayajaisha. Mwenda pole hajikwai.

Kwa hivyo kesho alfajiri kiuno kikikataa, usirudi chini ya blanketi. Geukia ubavu, teremsha miguu, simama taratibu, fungua mlango, na uanze na zile dakika kumi.