"Give up": Kutoa au Kukata?

Mwanafunzi wa tafsiri akutanapo na kitenzi cha Kiingereza "give up" huyatenga maneno yake mawili, akapata "kutoa" na "juu". Hapo ndipo apoteapo. "Give" lina nasaba ndefu: katika Kiingereza cha Kale lilianza kwa sauti ya y, na g ya leo ni athari ya lugha ya Waskandinavia waliolowea Uingereza. Likiandamana na "up", lilimaanisha kukabidhi, kama vile ngome kwa adui. Biblia ya Kiingereza ya 1611 hulitumia kwa mtu aitoaye roho. Maana hiyo ilihamia hata moyoni: akabidhiye tumaini lake amekata tamaa, akabidhiye mazoea yake ameyaacha.

Safari hiyo si ngeni kwetu. "Kusalimu" katika "kusalimu amri", kwa asili yake ya Kiarabu, nako ni kukabidhi. Lakini penye roho na tamaa, Mwingereza hutoa, Mswahili hupenda kukata. Basi mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni kitu gani kitolewacho. Daktari akimwamuru mgonjwa aache sigara, naye mkalimani akasema "kata tamaa", mgonjwa atarudi nyumbani kuandika wasia.