Fahamu: Kwa nini saa pekee hazipimi uraibu wa intaneti

Tangu Desemba 2025 Australia imewazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na mjadala wa uraibu umepamba moto. Lakini kuhesabu saa hakutoshi. Toleo jipya la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lililoanza kutumika 2022, linatambua uraibu wa michezo ya kidijitali, si wa intaneti nzima. Kigezo ni kushindwa kujizuia hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12. Tafiti kadhaa nazo zimehusisha matumizi yenye madhara na vijana ambao picha yao ya nafsi haijatulia. Laiki humpa kijana wa namna hiyo jibu la haraka kuhusu yeye ni nani, nalo huyeyuka haraka, basi hulifuata tena.

Je, si simu yenyewe inayomvuruga kijana? Huenda: nyingi kati ya tafiti hizo hupima mara moja tu, hazionyeshi kipi kilitangulia, na programu (tusijidanganye) hubuniwa zimnase mtumiaji. Hata hivyo, anayehariri video saa tano hafanani na anayejilinganisha na wenzake saa mbili. Mzazi, kabla ya kumnyang'anya mwanao simu, muulize anatafuta nini humo.