Kijasho chembamba si ushahidi wa uongo

Umeitwa mahojiano ya kazi. Shati limepigwa pasi, majibu umeyakariri ndani ya matatu. Bosi ananyoosha mkono akusalimu, na wako umelowa kama uliotoka kuosha vyombo. Kijasho chembamba hicho! Wengi hudhani ni aibu, kumbe ni umeme.

Iko hivi. Viganja na nyayo zimejaa tezi za jasho kuliko karibu sehemu nyingine zote za mwili, na tezi hizo hazingoji jua. Ukiogopa, ukikasirika au ukibanwa na mawazo, ubongo hutuma ujumbe kupitia neva usizoweza kuziamrisha, na tezi zinajaa. Jasho ni maji yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Ndiyo maana ngozi ya mtu mwenye presha hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ya aliyetulia. Mabadiliko huanza ndani ya sekunde chache tu, pengine hata kabla hujahisi mkono umelowa.

Hii si habari ya jana. Mwaka 1888 daktari Mfaransa Charles Féré alipitisha umeme hafifu kwenye ngozi za watu, akaona unapita kwa urahisi zaidi hisia zao zikiamshwa. Leo kipimo hicho kimo ndani ya poligrafu, ile mashine wanayodai inatambua uongo. Unafungwa vidude kwenye vidole, unaulizwa maswali, huku pumzi na presha ya damu zikipimwa pia.

Hapo sasa ndipo kuna noma. Mashine haipimi uongo, inapima msisimko. Mwizi anayeogopa kushikwa hutoa jasho. Asiye na hatia anayeogopa kusingiziwa naye hutoa jasho lile lile. Ngozi haina lugha ya kuwatofautisha.

Na kuna wanaopenya. Aldrich Ames, afisa wa CIA nchini Marekani, aliuzia Wasovieti siri kuanzia 1985. Alipimwa 1986, akapita. Akapimwa tena 1991, akapita. Alikamatwa 1994.

Si ajabu sheria ya Marekani ya 1988 inazuia kampuni nyingi za kibinafsi kuwapima hivyo wafanyakazi na wanaosaka kazi. Mwaka 2003 wanasayansi wa National Academy of Sciences nao walisema usahihi wake hautoshi kutegemewa kuchuja wafanyakazi.

Kwa hivyo pesa zikipotea dukani na mwenye duka aanze kuangalia nani anatokwa na jasho, mwambieni atafute risiti na kamera. Kijana anayelipa kodi ya nyumba kwa hiyo kazi lazima atatetemeka, awe ameiba au hajaiba.

Na mpenzi wako viganja vikimlowa ukimuuliza alikuwa wapi jana, usikimbilie kumwita muongo. Labda anaogopa tu hiyo sauti yako.