Meza ya nakshi sebuleni: Anza na mti, vitambaa weka kando

UKIINGIA katika sebule nyingi za mashambani, msomaji, utakaribishwa na vitu vile vile. Kuna makochi yaliyopangwa kuzunguka ukuta, meza kubwa ya katikati ambayo mgeni huigonga kwa goti kila anapopita, kabati la vyombo visivyotumika ila siku ya wageni, kalenda za miaka mitatu zilizotundikwa kwenye msumari mmoja, na juu ya kila kitu, kitambaa cha kufuma. Sisemi haya kwa dharau. Sebule ya mama yangu ilikuwa hivyo, na yangu pia kwa miaka mingi.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kina mama wengi wanakitamani siku hizi. Ni ile meza ndefu na nyembamba inayosimama ikiegemea ukuta, ambayo miguu yake au ubao wake wa mbele umetiwa nakshi. Mafundi wengine huiita meza ya ukutani, wengine meza ya kando. Haina viti vyake wala hailiwi chakula. Kazi yake ni kubeba vitu vichache vya kupendeza, na yenyewe kupendeza.

Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi nje kidogo ya soko la Kiritiri, huko Mbeere, aliiona picha ya meza ya aina hiyo akaikata na kuihifadhi ndani ya Biblia yake. Alipomwonyesha mumewe, mzee aliitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mama watoto, meza isiyoliwa chakula ni meza gani?"

Swali la mzee si la kipuuzi. Mtu anayeishi kwa muguka na mbuzi, katika nchi ambayo mvua huja ikitaka, ana haki ya kuuliza pesa zake zinakwenda wapi. Kwa hivyo kabla hujamwita seremala, hebu tulijibu swali lake.

Huko Ufaransa, ambako meza hizi zilipata umaarufu katika karne ya 17 na ya 18, nyingi zilifungwa ukutani kabisa zikawa na miguu ya mbele peke yake, na juu yake kukawekwa kioo kikubwa. Zilikuwa vitu vya majumba ya kifalme. Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Watu wa Lamu walijenga nyumba za mawe zenye zidaka, yaani vishimo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu ukutani na kutiwa nakshi kwa chokaa, na humo wakapanga sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Mji huo wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na zidaka ni mojawapo ya mambo ambayo wageni huenda kuyatazama. Kidaka nacho hakiliwi chakula. Humwambia mgeni kwamba wenye nyumba hii wanapenda uzuri, na kwamba amekaribishwa penye uzuri huo.

Karibu zaidi na Kiritiri, ng'ambo ya Mto Tana, wazee wa Kikamba walikuwa na vigoda vya miguu mitatu vilivyochongwa kwa kipande kimoja cha mti, na juu yake wakapachika waya mwembamba wa shaba kwa michoro ya duara na nyota. Kigoda kingeweza kukaliwa bila waya huo. Mzee alitaka uwepo.

Mimi mwenyewe nilikosea njia. Miaka michache iliyopita nilinunua meza ya nakshi katika duka moja la Nairobi. Iling'aa kama sarafu mpya, na michoro yake ya maua ilinifanya nisahau kuuliza ilitengenezwa kwa kitu gani. Ilikuwa ni MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na yale maua yalikuwa plastiki iliyobandikwa. Nyumbani kwetu sakafu hupigwa deki kila asubuhi kwa maji mengi, kama ujuavyo. Kabla ya mwaka kwisha, miguu ilikuwa imefura kama mkate uliolowa chai, na ua moja likaanguka mbele ya mgeni. Nilipomrudia muuzaji aliniambia kwamba meza hiyo haikukusudiwa maji. Ni kweli, lakini angeniambia siku ya kununua.

Na MDF si adui pekee. Kiritiri na sehemu zote za chini za Mbeere zina joto, vumbi na mchwa. Mbao laini kama saiprasi zisipotiwa dawa, mchwa huanzia mguu ulio karibu na ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na siku utakayoisogeza meza ndiyo siku utakayogundua kwamba umebaki na rangi tupu.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa Mbeere wana jawabu mashambani mwao. Ni mukau. Mti huu wa nchi kavu uko katika ukoo mmoja na mahogani na mwarobaini. Kiini chake ni chekundu cha kahawia chenye mistari, huchongeka vizuri, na mchwa hawakipendi. Wazee waliutumia kutengenezea mizinga ya nyuki, na majani yake huokoa mbuzi wakati wa kiangazi. Ukitunzwa, hutoa mbao kwa muda wa miaka 12 hadi 15 hivi, na huo si muda mrefu kwa mti mgumu.

Shida yake ni mbegu. Kokwa la mukau ni gumu kama jiwe na kuliotesha ni kazi ya subira. Wakulima hupenda kuokota makokwa katika boma la mbuzi, baada ya mbuzi kula matunda, kisha huyapasua kwa uangalifu ili wasijeruhi mbegu iliyo ndani. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia mti huu kwa miaka mingi kupitia kituo chake cha Kitui, na huko Kiambere, si mbali na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1988, kuna mashamba makubwa ya mukau uliopandwa kwa ajili ya mbao. Hata hivyo, utamkuta mtu ambaye mukau umemea nyuma ya choo chake akipanda matatu kwenda mjini kununua meza ya unga.

Turudi kwa rafiki yangu. Alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo, na alihesabu kwamba kufikia katikati ya mwaka 2024 angekuwa na pesa za kutosha. Ndipo Mei mwaka huo kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikatangaza kupiga marufuku muguka. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri za Mombasa na Kilifi siku chache baadaye, lakini katika siku hizo wanunuzi walisita, na mama huyu alishinda akitazama magunia yakinyauka mlangoni. Akiba yake ya meza ikaenda kulipa karo ya mtoto wa tatu. Alirudisha picha ndani ya Biblia na hakuitaja tena.

Aliyeitaja ni mzee. Jioni moja alitoka nje akarudi na ubao begani. Chini ya paa la ghala palikuwa na mbao za mukau ambazo aliziweka miaka mitatu iliyopita, akizihifadhi kwa mlango wa nyumba ambayo kijana wao wa kwanza angejenga. "Mlango utapata mti mwingine," alisema. "Huyu kijana hata kiwanja hajakifyeka."

Rafiki yangu anasema alikaa kimya kwa muda, na yeye si mtu wa kukaa kimya.

Miaka ile mitatu chini ya paa ilikuwa na faida kubwa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, msomaji. Meza nyingi za nakshi hupasuka kwa sababu fundi alitumia mbao mbichi. Ubao ukikaukia ndani ya nyumba hujipinda, na mpasuko hupita katikati ya maua uliyoyalipia. Muulize fundi mbao zimekauka kwa muda gani. Angalia pia asitumie ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, maana hiyo mchwa huila bila wasiwasi hata kama ni mukau. Na ukinunua mbao mbali na kwako, kumbuka kwamba kuzisafirisha kunahitaji kibali cha maafisa wa misitu.

Seremala waliyemwita ni hodari wa vitanda na milango, lakini hakuwahi kuchonga nakshi. Picha ilikuwa na mizabibu na vichwa vya simba. Alikuna kichwa. Mama akampa kiondo chake cha mkonge, chenye mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, akamwambia achonge hiyo. Fundi alikipima, akachora kwa penseli juu ya ubao wa mbele, kisha akafuata mistari kwa patasi iliyonolewa vizuri. Kazi ilichukua siku nne. Bei ya kazi ilikuwa ya mbuzi mmoja, wakati meza ya dukani ingewagharimu mbuzi zaidi ya watatu.

Nimeiona. Ina urefu wa futi tatu na nusu, kina cha inchi 12 na kimo cha inchi 31. Kama sebule yako ni ya futi kumi kwa kumi na mbili, usipitishe kina cha inchi 14, la sivyo utakuwa umeongeza kitu kingine cha kugonga goti. Ukuta ulio mkabala na mlango ndio bora, ili nakshi ionekane mtu anapoingia. Mahali pabaya ni chini ya dirisha lisilo na pazia, kwa maana jua la Mbeere halina huruma kwa mbao.

Nakshi iwe mahali pamoja tu. Ikiwa ubao wa mbele umechongwa, iache miguu iwe ya kawaida. Michongo isiwe ya kina kirefu sana, kwa sababu vumbi litakaa humo na utaichukia meza yako. Brashi kavu ya rangi, ile ndogo ya inchi moja, hufanya kazi nzuri kuliko kitambaa chenye maji. Rafiki yangu hakutumia vanishi. Aliisugua kwa msasa laini, kisha akapaka nta ya nyuki, ambayo haikosekani kwa wafugaji wa nyuki wa Mbeere, akaisugua tena mpaka mistari ya mti ikajitokeza.

Sasa nifike kwenye vitambaa. Najua nitawaudhi wengine. Nilipomtembelea mara ya kwanza, meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri sana, kilichoning'inia mbele na kuziba nakshi yote. Nilimuuliza kwa nini. Alicheka, akasema mkono ulifanya hivyo wenyewe. Tulikiondoa tukakipeleka juu ya kochi, ambako kina kazi.

Juu ya meza tuliacha vitu vitatu: picha ya arusi yao, kibuyu cha zamani cha mama mkwe, na kile kiondo, ambacho bado kina alama za penseli ya fundi pembeni. Nilipopita tena mwezi uliofuata, kibuyu na picha vilikuwa pale pale. Ndani ya kiondo mlikuwa na funguo, risiti za muguka na miwani ya mzee.