Ubovu, Mgongano na Kutooana: Istilahi za Hitilafu katika Uwekaji wa Nakala za Akiba

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya dhana tatu ambazo katika maandishi yetu ya ufundi aghalabu hukusanywa chini ya neno moja, yaani hitilafu. Tumechagua kuzieleza kwa mfano wa kompyuta kuukuu na programu ya kuweka nakala za akiba, kwa sababu mfano huo uliletwa kwetu na watu waliokuwa wamekwisha kupata hasara, na kwa sababu ndani yake dhana zote tatu huonekana waziwazi.

Ofisi moja inayotunza daftari la viwanja ilituletea mwongozo wa kurasa nne ili tuusanifishe. Ofisi hiyo ina kompyuta ya miaka ya 1990 ambayo bado haijastaafishwa, kwa kuwa sehemu ya daftari imo ndani yake, katika programu isiyokubali kufanya kazi katika kompyuta za leo. Watumishi walikuwa wakijaribu kutoa nakala ya daftari hilo na kuiweka katika disketi, na kila mara programu ya akiba ilisimama katikati ya kazi. Mwongozo uliwaagiza hivi: "Ikitokea hitilafu ya diski, andaa diski upya." Kuandaa diski upya ni kufuta kila kilichomo. Fundi kijana alikuwa amekwisha kuketi mbele ya mashine ili atekeleze agizo hilo, ndipo karani mkongwe alipomwuliza, "Mwanangu, diski ipi?"

Swali hilo ndilo lililookoa daftari. Hata hivyo, disketi tatu za zamani zilikuwa zimekwisha haribika kabla halijaulizwa, na yaliyokuwamo ilibidi yaandikwe upya kutoka katika vitabu vya karatasi.

Diski ipi?

Swali la karani lilikuwa swali la istilahi. Katika mwongozo ule neno diski lilisimamia vitu vitatu. Cha kwanza ni chombo kilichofungiwa daima ndani ya kompyuta, ambamo programu na kumbukumbu zote huwekwa. Hiki tunapendekeza kiitwe diski kuu. Cha pili ni sahani nyembamba ya plastiki iliyopakwa dawa ya sumaku na kuvikwa gamba, ambayo huingizwa na kutolewa. Hii ni disketi. Cha tatu si sahani hata kidogo, bali ni mtambo unaoizungusha disketi na kuisoma au kuiandika kwa vichwa vyake. Huu ni kiendeshi.

Maneno diski na disketi yametoholewa, nasi hatuoni sababu ya kuyakataa, kwani yamekwisha kuzoea sauti na sarufi ya Kiswahili. Neno kiendeshi limezaliwa na kitenzi chetu wenyewe, kuendesha, kwa kiambishi ki- cha vifaa. Lililo muhimu si asili ya neno, bali ni kwamba kila kitu kiwe na jina lake. Disketi yaweza kuwa nzima katika kiendeshi kibovu, na vyote viwili vyaweza kuwa vibovu huku diski kuu ikiwa salama. Mwongozo usiotenganisha vitu hivi humwelekeza fundi kwenye kitu kisichohusika.

Kuhifadhi, kunakili na kuweka akiba

Vivyo hivyo vitenzi vinavyotumika havina budi kutenganishwa. Kuhifadhi ni kuiweka kazi inayofanywa sasa katika diski ili isipotee mashine ikizimwa. Kunakili ni kutoa cha pili kinachofanana na cha kwanza. Kuweka nakala ya akiba ni zaidi ya hayo: ni kutoa nakala kwa nia ya kurejesha, kuitenga mbali na asili yake, na kuihakiki. Wako wanaotumia nakala rudufu kwa dhana hii, na istilahi hiyo inaeleweka. Sisi tunaona kwamba rudufu inaeleza kufanana tu, hali akiba inaeleza kusudi.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Katika disketi msemo huo unahitaji uangalizi, kwani sumaku hufifia na plastiki huota kuvu. Kwa hiyo fasili yetu ya nakala ya akiba inadai kwamba iwe imejaribiwa kurejeshwa. Nakala ambayo haijapata kurejeshwa ni tumaini tu.

Dhana tatu za hitilafu

Tunapendekeza kwamba hitilafu libaki kuwa neno la jumla, na chini yake ziwekwe istilahi tatu.

(a) Ubovu. Ubovu ni hali ya kitu chenyewe kuharibika, kama jembe lililovunjika mpini. Kiendeshi chenye vichwa vichafu ni kibovu. Kadhalika kiendeshi ambacho vichwa vyake vimehama kidogo kutoka katika mstari wake ni kibovu, ingawa ubovu huu ni wa hila. Kiendeshi cha namna hiyo huweza kuandika disketi na kuisoma chenyewe bila taabu, lakini disketi hiyo ikipelekwa katika kompyuta nyingine haisomeki. Kwa hiyo uhakiki uliofanywa katika mashine ileile haumtoshi mtu mwangalifu.

(b) Mgongano. Mgongano hutokea pale ambapo vitu viwili vizima vinadai njia moja kwa wakati mmoja, kama wachukuzi wawili wanaokutana katika mlango mwembamba. Mfano mzuri ni programu ya akiba iliyotolewa pamoja na mfumo wa MS-DOS 6 mwaka 1993. Ili kuongeza kasi, programu hiyo ilisoma diski kuu huku ikiendelea kuandika disketi. Taarifa zinazokwenda kwenye disketi hupita katika njia ya mkato ya kumbukumbu, yaani njia inayohamisha taarifa bila kukisumbua kichakataji kwa kila herufi. Katika kompyuta za aina hiyo kiendeshi cha disketi hutumia njia ya mkato namba 2. Baadhi ya kompyuta za zamani hazikuweza kustahimili kazi hizo mbili kwa pamoja, nazo zilikwama.

Sura nyingine ya mgongano huo ilionekana pale ilipotumika programu ya kusimamia kumbukumbu iitwayo EMM386. Hiyo hutenga nafasi ndogo ya kungojea kwa taarifa zinazopita katika njia ya mkato, na programu ya akiba huweza kudai nafasi kubwa zaidi. Hapo hakuna kilichovunjika. Tiba yake ni kupanua nafasi kwa kuongeza D=64 katika mstari wa EMM386 ulio ndani ya faili la CONFIG.SYS. Ama mtumiaji aweza kuielekeza programu ya akiba iandike kwa kupitia mfumo wa MS-DOS badala ya kukishika kiendeshi moja kwa moja. Mwendo utakuwa wa polepole, lakini kazi itafika mwisho.

(c) Kutooana. Hapa kila kitu ni kizima na hakuna kinachogombea njia, ila kimoja kinatarajia jambo ambalo kingine hakina, kama ufunguo mzima na kitasa kizima visivyotengenezewa pamoja. Baadhi ya wenzetu walipendekeza kutopatana. Tumeliacha neno hilo kwa sababu kupatana kunahusishwa mno na ugomvi na suluhu, na fundi akilisikia ataliweka pamoja na mgongano.

Kutooana kwaonekana katika disketi za inchi tano na robo. Kiendeshi cha kilobaiti 360 huandika njia 40 pana, na kiendeshi cha megabaiti 1.2 huandika njia 80 nyembamba. Kiendeshi cha pili huweza kuisoma disketi ya cha kwanza, lakini kikiiandika huacha mstari mwembamba ndani ya njia pana, na kiendeshi cha kwanza hushindwa kuisoma kwa uhakika.

Kutooana kwa hatari zaidi kumo katika waya wa taarifa ya badiliko. Tangu kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984, kiendeshi huiarifu kompyuta kwa mguu wa 34 wa kiungo chake kwamba disketi imebadilishwa. Viko viendeshi vilivyotengenezewa mashine nyingine ambavyo huutumia mguu huohuo kutoa taarifa tofauti, yaani kwamba kiendeshi ki tayari. Kiendeshi cha namna hiyo kikifungwa bila kurekebishwa, kompyuta hudhani kwamba disketi ya kwanza ingali ndani hata baada ya mtu kuingiza ya pili. Mtumiaji huona katika kioo orodha ya disketi aliyokwisha kuitoa. Akiandika chochote, kompyuta hufuata orodha hiyo ya kale, na yaliyomo katika disketi mpya huharibiwa.

Hili ndilo lililozipata zile disketi tatu.

Utaratibu wa kuchunguza

Istilahi hizi tatu zikishikwa, uchunguzi hupata utaratibu wake, nasi tumeuandika hivi katika mwongozo uliosanifishwa:

1. Kabla ya jaribio lolote, zuia uandishi katika disketi zote za zamani. Disketi ya inchi tano na robo huzuiwa kwa kuziba pengo la ubavuni, na ya inchi tatu na nusu kwa kuliacha wazi tundu lake la kuzuia uandishi. Majaribio yafanywe kwa disketi tupu peke yake.

2. Chunguza ubovu. Safisha vichwa, kisha jaribu disketi moja katika kiendeshi hicho na katika kiendeshi cha mashine nyingine ya aina hiyohiyo.

3. Chunguza kutooana. Ingiza disketi moja, tazama orodha yake, itoe, ingiza nyingine, kisha tazama tena. Orodha isipobadilika, acha kazi mara moja. Programu ya akiba ya MS-DOS 6 ina jaribio lake la jambo hili.

4. Chunguza mgongano. Programu hiyohiyo ina jaribio la ulinganifu linalotumia disketi mbili za aina moja, ambapo huandika akiba ndogo na kuilinganisha na asili. Likishindikana, badili jambo moja tu, kisha jaribu tena.

5. Rejesha akiba katika mashine nyingine na uilinganishe. Hatua hii isirukwe hata kama hatua zote nyingine zimefaulu.

Katika ofisi ile hatua ya tatu ndiyo iliyotoa jibu. Kiendeshi kilikuwa kimetolewa katika mashine ya aina nyingine miaka mingi iliyopita na kufungwa hapo. Fundi alikihamisha kibanio kidogo kilicho juu ya bamba la kiendeshi, na waya wa 34 ukaanza kutoa taarifa inayotakiwa. Hakuna kilichonunuliwa. Kiendeshi kilichokuwa kimeandikiwa barua ya kutupwa ndicho kilichotoa nakala ya daftari zima, nayo ikarejeshwa mahali pengine na kuhakikiwa.

Hitimisho

Tumeeleza habari hii kwa urefu ili kuonyesha kwamba istilahi si pambo la maandishi. Anayeambiwa kuwa kitu ni kibovu hukitupa, anayeambiwa kuwa vitu vinagongana hutafuta nafasi ya kuvipisha, na anayeambiwa kuwa havioani hutafuta cha kuvifunganisha. Jina la hitilafu hubeba ndani yake agizo la tiba. Mfasiri anayeandika hitilafu peke yake amemwachia fundi kubahatisha, na katika mashine yenye kumbukumbu za watu kubahatisha ni ghali.

Mstari ule wa mwongozo sasa unasomeka hivi: "Programu ya akiba ikisimama, usiandae diski kuu wala disketi yoyote. Kwanza bainisha kama kiendeshi ni kibovu, kinagongana na programu, au hakioani na kompyuta." Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, nasi tumeona kwamba urefu huo unastahili.

Istilahi zilizopendekezwa humu bado ni mapendekezo. Tunawaomba mafundi, walimu na wafasiri watuletee maoni yao, hasa wale wenye maneno ambayo tayari yanatumika katika karakana zao kwa dhana hizi. Neno ambalo fundi amekwisha kulizoea mkononi lina haki ya kusikilizwa kabla ya neno tuliloliunda mezani.