Baiskeli ya Kimo cha Mama

Kanyaruchinya, mahali palipotandaa juu ya mawe meusi ya mlima Nyiragongo kaskazini mwa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, hupitiwa na mizigo mchana kutwa: makala, viazi na kabeji hushuka kutoka Kibumba juu ya chukudu, chombo kile cha mbao kisicho na pedeli, na wakiendeshao aghalabu ni wanaume, ilhali akina mama huchukua mizigo yao mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Mama apataye baiskeli katika hali hiyo hapati anasa, bali nafuu ya shingo na mgongo. Nami huona uchungu kwamba baiskeli yenyewe mara nyingi imeundwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Tuitazame ile baiskeli nyeusi ya kazi iliyoenea Afrika yetu, yenye magurudumu ya inchi 28 na fremu ya inchi 22. Ekseli ya pedeli iko kadiri ya sentimeta 29 juu ya ardhi, fremu yaongeza 56, basi chuma cha juu kimefika 85. Na mama ambaye toka kisigino hadi msamba ana sentimeta 72 hawezi abadan kusimama juu yake nyayo zote mbili zikigusa chini. Penye lami tambarare angejiegemeza kwa mguu mmoja, lakini juu ya mawe ya volkano yenye ncha kali, kusimama kwa ghafla ni kuanguka.

Dawa yake ni ya zamani. Baada ya John Kemp Starley wa Uingereza kutoa baiskeli yake ya mnyororo mwaka 1885, haukupita muda mrefu mafundi wakakiinamisha chuma hicho, ili mwanamke mwenye nguo ndefu apande bila kurusha mguu; na kwa mama aliyejifunga kitenge sijui fremu iliyo bora kuliko hiyo. Ni kweli kwamba hulegalega kidogo chini ya mzigo mzito, lakini bidoni moja ya maji huichukua bila taabu.

Kabla ya kutoa fedha, mama na avue viatu, aegemee ukuta, abane kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, na mwenzake apime toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho kizidishwe kwa 0.88: kwa sentimeta 72 hupatikana kama 63, ndio umbali toka ekseli ya pedeli hadi juu ya tandiko. Anayejifunza ashushe tandiko kwanza, miguu ifike chini. Lakini akizoea alipandishe, kwani tandiko la chini huumiza magoti. Tandiko liwe pana kiasi, maana mifupa ya nyonga za wanawake aghalabu imeachana zaidi, na vidole vifike kwenye breki bila kunyoosha mkono. Hayo yote fundi mwenye spana huyarekebisha. Fremu iliyozidi kimo haifupishiki.