Kompyuta Nyumbani: Chagua Programu Itakayotunza Maandishi Yako

Hapo zamani ghala ya maandishi ya jamaa ya askari ilikuwa moja tu: sanduku la bati chini ya kitanda. Humo zilikaa barua, vyeti vya watoto, hati za shamba, picha za arusi na daftari la matumizi ya nyumba. Leo hii, katika nyumba nyingi za Kigali, tangu Gikondo hadi Kicukiro, kazi ya sanduku hilo imeanza kuchukuliwa na kompyuta. Mama huandika humo hesabu ya mwezi, mtoto huandika insha ya shule, na bibi husimulia habari za ukoo huku mjukuu akizipiga chapa. Askari aliye mbali na nyumbani huweka kumbukumbu za safari yake.

Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini sanduku la bati lilikuwa na sifa moja ambayo kompyuta haina: kila aliyelifungua aliweza kusoma kilichomo. Kompyuta haifanyi hivyo mpaka iwepo programu inayolijua faili lililoandikwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapochagua programu ya kuandikia, huchagui kalamu tu. Unachagua kalamu, karatasi na ufunguo wa sanduku kwa pamoja.

Muuzaji atakusifia rangi za programu, wepesi wake na mapambo yake. Msikilize, kisha umwulize swali hili: "Programu hii ikitoweka kesho, maandishi yangu yatasomeka?" Makala haya yanakusudia kukusaidia kulipata jibu.

FUNZO LA NJIA PANDA

Msafiri atokaye mjini Kigali kuelekea Kicukiro hupita njia panda ya Sonatubes, iliyopewa jina la kiwanda cha mabomba. Magari hupita hapo usiku na mchana, na mgeni aweza kudhani kwamba hapo ni mahali pa kupita tu. Haikuwa hivyo tarehe 11 Aprili, 1994. Siku hiyo askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakawaacha watu wapatao 2,000 waliokuwa wamekimbilia hapo. Watu hao walitoka kwa miguu wakitaka kufika Uwanja wa Amahoro. Walizuiwa na askari hapo Sonatubes, wakarudishwa na kupelekwa Nyanza ya Kicukiro, na wengi wao wakauawa huko katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Twayajua hayo kwa sababu walionusurika walisema, na waliosikia waliandika. Ushahidi juu ya ETO na Nyanza ulisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na kuingizwa katika hukumu iliyotolewa mwezi Desemba 1999. Vivyo hivyo mahakama za Gacaca, zilizofunga kazi yake mwezi Juni 2012, ziliacha mamilioni ya kurasa, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono, na kazi kubwa ikafanywa ya kuzipiga picha na kuzitia katika kompyuta ili zisiliwe na mchwa wala unyevu.

Taifa lina nyaraka zake na watunzaji wake. Nyumba yako haina mtunzaji mwingine ila wewe. Habari za mzee wa miaka themanini, majina ya waliotangulia, mahali lilipokuwa shamba la ukoo, hayo yasipoandikwa na kutunzwa nyumbani hayatapatikana penginepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari lenyewe likipotea, ni nani atakayetoa habari?

PROGRAMU NAZO HUFA

Wako wadhanio kwamba programu mashuhuri haiwezi kutoweka. Historia yaonyesha kinyume. WordStar ilitolewa mwaka 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa programu ya kuandikia iliyopendwa mno katika ofisi na nyumba za watu. Leo haiuzwi tena. Aliyeandika kwa WordStar akilifungua faili lake la zamani katika programu ya kawaida, aweza kukuta herufi ya mwisho ya neno imegeuka kuwa alama isiyosomeka. Programu hiyo iliihifadhi herufi hiyo kwa namna yake yenyewe, isiyofahamika kwa wengine.

Tutazame mfano wa pili. WordPad ilikuwa ikija bure ndani ya Windows tangu mwaka 1995. Katika toleo la Windows 11 lililotolewa mwaka 2024 iliondolewa. Je, walioitumia walipoteza maandishi yao? La. WordPad iliandika mafaili ya RTF, ambayo programu nyingine nyingi huyafungua bila taabu. Programu imekwenda, maandishi yamebaki.

Mfano wa tatu ni Windows Live Writer, programu ya mwaka 2007 ambayo wengi waliitumia kutayarisha makala za kupeleka katika intaneti. Wenyewe waliacha kuiendeleza baada ya mwaka 2012, na mwezi Januari 2017 wakaacha kuigawa. Kilichoiokoa ni kwamba mwezi Desemba 2015 maandishi yake ya ndani, yaani yale yanayoifanya ifanye kazi, yaliachwa wazi kwa watu wote, na wataalamu waliojitolea wakaiendeleza kwa jina la Open Live Writer.

Kutokana na mifano hiyo mitatu twapata kanuni moja: usitegemee ukubwa wa kampuni, tegemea uwazi wa faili.

HERUFI ZIFUATAZO JINA LA FAILI

Uwazi wa faili waweza kuujua kwa kutazama herufi zinazofuata jina lake. Faili la .txt ni maandishi matupu, bila mapambo. Ndilo jepesi kuliko yote, na kila kompyuta na simu hulisoma. Kwa kuwa Kiswahili na Kinyarwanda huandikwa kwa herufi za kawaida, aina hii yatosha kabisa kwa habari za ukoo na kumbukumbu za kila siku.

Faili la .odt ni la kanuni ya wazi iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2006, na hutumiwa na LibreOffice. Faili la .docx, ambalo ndilo la Microsoft Word, lilipewa kanuni ya kimataifa mwaka 2008. Yote mawili hubeba picha, majedwali na mapambo. Faili la .pdf lafaa kwa maandishi yaliyokwisha kukamilika, maana sura yake haibadiliki, ila kulisahihisha ni kazi. Programu isiyoweza kutoa hata mojawapo ya aina hizi nne, iache dukani.

LUGHA YAKO IHESHIMIWE

Kiswahili ni lugha ya vikosi na masoko yetu tangu zamani, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda liliidhinisha kiwe lugha rasmi ya nchi. Hata hivyo kompyuta nyingi hufika dukani zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Ukiandika "barua i mezani", programu iliyopangwa kwa Kiingereza huigeuza "i" hiyo kuwa herufi kubwa bila kukuuliza.

Dawa yake ni nyepesi. Fungua mpangilio wa lugha, uzime masahihisho ya Kiingereza, kisha uchague Kiswahili kama kipo. Jambo hili halikuja lenyewe. Lilipiganiwa na Waafrika ya Mashariki. Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili katika maagizo yake. LibreOffice, iliyozaliwa kutoka ukoo huohuo mwaka 2010, ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili.

UMEME, INTANETI NA GHARAMA

Programu zifanyazo kazi ndani ya intaneti, kama Google Docs, zina faida yake. Baba aliye mbali na mama aliye Kigali waweza kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja. Lakini kifurushi cha intaneti kikiisha, ukurasa nao hufunga, isipokuwa umetangulia kuiandaa programu ifanye kazi bila mtandao. Nyumba isiyo na intaneti ya kudumu yafaa iwe na programu iliyokaa ndani ya kompyuta yenyewe.

Umeme nao hukatika bila kubisha hodi. Katika mpangilio wa programu yako tafuta mahali pa kuhifadhi kwa nafsi yake, na uweke kila baada ya dakika mbili au tatu. Hapo umeme ukizimika utapoteza sentensi chache, hutapoteza kazi ya jioni nzima.

Kuhusu bei, Microsoft Word ya kisasa aghalabu hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na familia yapaswa kuiweka gharama hiyo katika hesabu zake kama inavyoweka ada ya shule. LibreOffice hailipiwi. Ukiipakua mara moja, waweza kuitia katika flashi na kuwapa majirani wote, na sheria yaruhusu. Jihadhari na programu za wizi zigawiwazo kwa bei ya chai. Aghalabu huja na virusi, na virusi vingine huyafunga mafaili yote na kudai fedha.

SIRI YA KAZI

Wasomaji wetu wengi ni askari wa jeshi na polisi, au wake, waume na watoto wao. Tangu mwaka 2004, Rwanda ilipopeleka askari Darfur, nyumba nyingi zimezoea kuwa na mtu wao katika ulinzi wa amani ng'ambo. Ni haki yake mtu huyo kuandika kumbukumbu zake. Lakini habari za kazi hukaa kazini. Idadi ya askari, mahali pa kambi, saa za doria na aina ya silaha si mambo ya kompyuta ya nyumbani, hata kama faili limefungwa kwa neno la siri.

Tukumbuke yaliyotokea mwezi Januari 2018. Kampuni ya Strava, inayohesabu mbio za wanamichezo kwa simu na saa za mkononi, ilikuwa imetoa ramani ya njia za wateja wake duniani. Hakuna aliyekusudia kufichua siri. Askari walikuwa wakikimbia mazoezi tu. Lakini njia zao ziling'aa katika ramani na kuonyesha kambi za kijeshi katika nchi kadhaa. Picha ya simu nayo yaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Kwa hiyo zima alama hiyo katika simu kabla ya kupiga picha utakayoitia katika maandishi, na uchague programu inayokuachia faili mkononi mwako, isiyolituma popote bila idhini.

Neno la siri lina faida kwa mambo ya nyumba, kama hesabu za akiba. Lakini liandikwe katika karatasi na kufungiwa kabatini, maana likisahauliwa hata aliyeitengeneza programu huenda asiweze kukusaidia. Mwenzi wako ajue karatasi ilipo.

JARIBIO LA NUSU SAA

Kabla hujaihamia programu yoyote, ifanyie mtihani huu. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, utie picha moja na jedwali dogo la matumizi ya juma. Hifadhi, zima intaneti, funga kompyuta, kisha uiwashe na kulifungua tena. Baadaye lipeleke faili hilo katika kompyuta ya jirani isiyo na programu hiyo, na katika simu. Kama maandishi, picha na jedwali vimefika salama, programu imefaulu. Kama vimevurugika, afadhali umejua leo kwa ukurasa mmoja kuliko kujua baada ya kurasa mia tatu.

Programu ikifaulu, bado kuna wajibu wa nakala. Weka nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski au flashi kabatini, na ya tatu nje ya nyumba, kwa ndugu mwaminifu. Flashi huharibika, hivyo zikaguliwe kila baada ya miezi sita na kubadilishwa zikianza kusumbua. Maandishi yasiyo na mbadala, kama simulizi za wazee na majina ya jamaa, yachapishwe pia katika karatasi na kurudishwa katika sanduku lile la bati.

Mwishowe twawaomba akina baba na akina mama wasiwaachie watoto peke yao uchaguzi huu, ati kwa kuwa wao ndio wajuao kompyuta. Mtoto ajua vitufe, lakini mzazi ndiye ajuaye kipi hakifai kupotea. Kaeni pamoja, ulizeni lile swali moja, fanyeni jaribio, kisha aliye mdogo apige chapa na aliye mzee asimulie. Kazi hiyo ianze wakati msimulizi angali na nguvu ya kusimulia.